Pigilia Moja, Zingine Zitajipa

Kuna mbogi fulani ya Umoja, wasee wanane, wako na grupu ya WhatsApp inaitwa Diani Loading. Hiyo grupu imeload kitambo hadi jina imekuwa ya ukweli. Kila end month mtu anatupa picha ya bahari, mwingine anauliza "form ni gani wasee?", watatu wanarusha emoji ya moto, alafu kimya mpaka end month ingine. Hakuna hata mmoja wao ashakanyaga ile mchanga.

Sasa cheki maajabu. Mzae wa mmoja wao alituacha. Mbogi ile ile, simu zile zile, mifuko zile zile zenye hulia ikifika tarehe kumi na tano, walitoa mwili mochari, wakakodi basi, tenti, viti na spika, wakabeba watu zaidi ya hamsini hadi Siaya, wakazika mzee kwa heshima zake, wakalisha kijiji, na Jumapili jioni walikuwa wamerudi tao. Yote hiyo iliisha ndani ya wiki mbili, na hakuna mtu alilipwa.

Hii kitu imenikalia kwa kichwa. Ju ukienda Upper Hill uulize mtu mwenye ameframe cheti ya kusimamia projekti, atakuambia kazi ngumu ni yenye iko na watu wengi, doh haijulikani itatoka wapi, na dedlaini haisongi. Matanga iko na hizo zote tatu. Diani haina hata moja. Basi mbona ngumu ndio inaiva na rahisi inaozea kwa simu?

Wasee wa projekti wako na mchoro wao wanaupenda sana. Wanauita pembetatu ya chuma: upande moja ni muda, wa pili ni doh, wa tatu ni kazi yenyewe, ukubwa wake. Ukivuta upande moja, zingine lazima zisonge. Kwa vitabu wanakufunza uzichunge zote tatu kwa usawa, na hapo ndio mimi na vitabu tunaachana. Mtaa haichungangi tatu. Mtaa inachagua moja, inaipigilia msumari mapema, mbele ya watu, alafu inaambia zingine mbili zijikunje venye zitajikunja. Kazi zenye hazina msumari hata moja ndio zile unaona zimekaa miaka.

Tuanze na matanga, ju hapo ndio darasa iko. Mtu akidedi leo, kesho jioni kamati ishakaa. Kama ni familia ya Nyanza ama Magharibi, na mzee lazima alale kwao, siku inajulikana kabla chai ipoe. Mara nyingi ni Jumamosi. Hii ikikataa, ni ijayo. Watu hawabishani sana hapo, ju mochari inahesabu kila usiku, pasta ako na matanga zingine, na wale wa shags washaanza kugawa nani atalala kwa nani. Kutoka hapo kila kitu inapangwa ikirudi nyuma. Kama ni kuzika Jumamosi, mwili lazima ulale home Ijumaa. Kama ni kulala home Ijumaa, gari lazima itoke Nairobi Alhamisi usiku ama Ijumaa alfajiri. Kwa hivyo bili ya mochari na permit ya kuzika ziishe Alhamisi mchana, na hiyo doh iwe imeingia Jumatano. Mathe mwenye anasimamia hiyo kamati hajawahi chora chati ya Gantt, lakini ukimuamsha saa tisa usiku atakuambia Jumatano inahitaji nini.

Alafu kuna maneno ya majina. Mwenyekiti wa matanga hasemi "tutaangalia usafiri". Anauliza, "Usafiri ni nani?" na ananyamaza. Hiyo kimya inakaa hapo ikiwa nzito hadi mkono moja unainuka. Jina inaandikwa. Kuanzia hiyo dakika, mtu yeyote mwenye ako na swali ya basi anajua ni nani atapigiwa, na mwenye jina anajua basi ikikosa kukuja hatakuwa na mahali pa kujificha, hadi wajukuu wake watasimuliwa. Sasa rudi usome ile grupu ya Diani. Utapata "tutapanga", "tutacheki", "tutaongea". Vitenzi zote ni za "tu". Hakuna mahali mtu ameandika "nitalipa".

Na ripoti ya kazi huwanga ya kila jioni. Mweka hazina, na mara nyingi ni yule mathe mkali wa kanisa, anapost listi: jina, kiasi, jina, kiasi, jumla chini kabisa. Kitambo mweka hazina angeweza zubaa na kitabu yake mpaka siku ya mwisho. M-Pesa ilipoingia Machi 2007 hiyo stori ikakatika, ju kila ngiri inaingia na jina ya mwenye ametuma, tarehe na saa. Ahadi zinaandikwa kando. Kuna mathe moja nilisikia akiambia kamati kwamba ahadi haibebi jeneza, na watu wakaanza kutafuta simu zao kwa mifuko pole pole.

Lakini ile kitu yenye inafanya matanga iishe ni venye inakubali kupungua. Doh ikikosa, siku haisongi, vitu ndio zinasonga. Basi kubwa inakuwa ya watu 33 na vijana wanaambiwa wajitafutie. Jeneza ya mahogani inakuwa ya saipresi. Ng'ombe mbili zinakuwa moja na sufuria ya maharagwe inaongezwa. Ile programu ya rangi yenye picha za mzee akiwa Mombasa 1984 inakuwa karatasi moja imekunjwa katikati. Drone ndio inatokanga kwa bajeti ya kwanza kabisa, na hakuna mtu analia. Hizo zote ni kupunguza kazi ndio tarehe ibaki, na zinaamuliwa kwa kikao ya saa moja, na watu wenye wamefiwa.

Kitu ingine yenye ofisi nyingi zingeiba kutoka hapa ni kuvunja kamati. Baada ya mazishi watu wanakaa tena mara moja. Hesabu inasomwa hadi shilingi ya mwisho ya maji ya chupa, yenye imebaki inapeanwa kwa mjane, watu wanashukuriwa kwa majina, kamati inavunjwa, na mwenyekiti anarudi kuwa jirani tu kama sisi. Nimekaa kwa kazi za watu wenye suti zenye zilianza kabla nikuje na bado zina mitingi ya Jumatatu, na hakuna mtu pale ndani anakumbuka zilikuwa za nini.

Usifikirie mbogi ya Umoja hawajui kuraha. Naivasha wamefika. Safari Rally ilirudi kwa mashindano ya dunia 2021, baada ya kukosa tangu 2002, na tangu hapo kwenda Vasha imekuwa ibada ya vijana wa Nairobi. Wasee wanalala kwa gari, wanadishi mayai boilo, wanakula vumbi, lakini wanafika. Wanafika ju rali haiwangojei. Tarehe imewekwa na watu wenye hawako kwa grupu yenu. Hiyo ndio dawa ya Diani pia, na ni ya bei rahisi: mtu mmoja, sio wote, anunue tiketi yake ya treni ya SGR kutoka Syokimau, ile ya ikonomi yenye tangu Januari 2024 ni 1,500, alafu apost skrini ya tarehe kwa grupu bila kuuliza form. Wenye wako ndani watanunua. Wenye hawako watajulikana. Hoteli ikikuwa mbali na bahari, poa. Mkilala wanne kwa chumba, poa. Likoni ferry mtavuka na miguu na mat za Ukunda ziko hapo ng'ambo. Lakini Ijumaa ni Ijumaa.

Twende stage sasa, ju huko msumari ni tofauti.

Kwa mat nyingi za hii jiji mdosi hapeani mshahara wa mwezi. Anapeana gari asubuhi na jioni anataka tageti yake, kamili. Mafuta, doh ya stage, kuosha gari na zile zingine zenye sitataja ni za dere na makanga kujipanga. Yenye inabaki juu ya tageti ni yao. Kwa hivyo hapa doh ndio imepigiliwa, na hizo zingine zote ni za kukunjwa. Muda unakunjwa: saa nne asubuhi mat haitoki mpaka ijae, hata kama uko na intavyu. Bei inakunjwa: mvua ikitishia tu, finje inakuwa soo kabla tone ianguke. Njia inakunjwa: jam ikishika, dere anapita ndani ya mtaa, anatokea nyuma ya gereji ya mtu, na nyinyi mnashikilia viti mkiomba. Hata kazi yenyewe inakunjwa, ju uliambiwa mwisho ni tao na saa hii unashukishwa Muthurwa, "wasee hapa ndio mwisho, gari inageuza."

Februari 2001 kuna majamaa 17 wa kuandika programu za kompyuta walikutana Snowbird, Utah, mahali pa kuteleza kwa theluji, wakaandika manifesto fupi wakiambia dunia kwamba kubadilika na hali ni bora kushinda kung'ang'ana na plan. Watu wamejenga biashara kubwa sana ya kufunza hiyo kitu. Makanga wa 58 Buruburu alikuwa anaiishi bila slaidi. Hana mitingi ya asubuhi ya watu kusimama kwa duara, ju yeye hasimami kwingine. Ananing'inia mlangoni akisoma barabara na watu na askari kwa wakati moja, akigonga bodi dere anajua ni kusimama ama ni kusonga bila kugeuza shingo. Akichoka kuna skwadi anashika trip mbili tatu, na hakuna mtu anaandikiwa barua ya makabidhiano, ju kila kitu skwadi anahitaji kujua inaweza semwa kati ya stage na taa ya kwanza. Na ule ubao wa kadi zenye ofisi hizo hubandika kwa ukuta, unaitwa kanban, ulizaliwa kwa viwanda vya Toyota. Hiyo inanichekesha, ju Toyota hao hao ndio wametengeneza zile Hiace zetu zote, na sisi tunaziita nissan.

Lakini siwezi sifu stage nikanyamazia upande ule mwingine. Kitu yenye hujapigilia ndio itakatwa. Ukipigilia doh peke yake, mtu akiwa nyuma ya tageti saa mbili usiku, kile kinakatwa ni brek. Kinakatwa ni usingizi wa dere. Kinakatwa ni nafasi ya mguu wako, ju kuna mtu wa nne kwa kiti ya watatu. Hakuna mtu alikaa akaamua watu waumie. Iliamuliwa na hesabu.

John Michuki aliielewa hiyo akiwa waziri wa uchukuzi. Hakukuja kuhubiria madere wawe na roho safi. Alipigilia msumari ingine, ya pili, kwa ubao uleule. Kuanzia Februari 2004 mat lazima iwe na gavana ya spidi isipite 80, mshipi kwa kila kiti, abiria 14 kwa nissan na hakuna wa kusimama, na ile laini ya njano kwa bodi. Gari nyingi hazikuwa tayari, na hizo siku za kwanza Nairobi ilitembea na miguu, watu wa suti na watu wa mjengo wakipigana mabega Jogoo Road. Iliuma, lakini kulikuwa na kitu ingine imekataa kukunjwa. Baadaye msumari ukalegea, na kila mtu wa hii jiji anajua ulilegezwa na nini, ju huwa inapitishwa dirishani ikiwa imekunjwa ndogo.

Kwa hivyo swali ya maana kwa projekti yoyote, iwe ni bash ya campus ama ni kuhamisha kibanda cha mathe, ni gani kati ya muda, doh na kazi haikunjwi. Ukiijibu kwa sauti siku ya kwanza, na kila mtu asikie, hata vita za baadaye zinapungua, ju mtu akikuja na wazo mpya hauambii "hapana", unamuuliza tu atatoa nini ndio wazo yake iingie.

Sasa mjengo. Hapa ndio hakuna msumari hata moja, na ni ajabu ju kazi yenyewe ni ya misumari.

Kijana amepata kaploti Ruai, ama Kitengela, ama Joska. Ako na doh ya kuanza, sio ya kumaliza. Tarehe ya kuingia haijui, "Mungu akipenda". Na nyumba yenyewe inakua akiwa usingizini. Ilikuwa ya vyumba viwili. Shemeji akakuja na wazo ya ensuite. Mathe akauliza wageni watakaa wapi, kaveranda kakaongezeka. Alafu mtu akamnong'onezea kwamba siku za usoni atataka kupanda ghorofa, so aachie nondo zikiwa nje. Ukipita hizo mitaa zote za pembeni utaziona, vyuma zimesimama juu ya paa zikiota kutu, zikingojea floo ya pili yenye hakuna mtu ameipigia hesabu. Hizo nondo ndio ripoti ya ukweli kabisa ya projekti zetu. Zinasema mwenye nyumba hakuwahi kubali kwamba imeisha.

Na usidhani ni ushamba wetu. Jumba la opera la Sydney huko Australia, lile la paa kama tanga, mchoro wa Jørn Utzon ulishinda mwaka wa 1957. Serikali ikaharakisha msingi uchimbwe 1959, na wakati huo hakuna mtu alikuwa ameshajua zile tanga zitasimama aje. Waliahidi kumaliza 1963 kwa dola milioni 7. Lilifunguliwa 1973, na bili ilikuwa milioni 102. Utzon mwenyewe alikuwa ameshajitoa 1966. Walikuwa na wahandisi bora wa dunia, na bado walifanya ile kitu kijana wa Joska anafanya: walianza kumwaga zege kabla kujua nyumba inaishia wapi.

Mjengo iko na kitu moja tu yenye haibembelezwi, na ni simiti. Zege inapimwa nguvu yake kamili siku ya 28. Unaweza tukana fundi, unaweza leta mjomba mwenye anajua mtu kaunti, siku 28 ni 28. Mafundi wajanja huitumia hiyo. Wanakubali kulipwa kwa hatua, msingi, kuta, lenta, paa, plasta, ju wanajua kuna mahali lazima wangojee, na mwenye nyumba mjanja naye haachilii doh ya paa kabla lenta isimame. Mtu wa mkono yeye analipwa jioni yake, na hapo usilete siasa, ju unga hainunuliwi kwa hatua.

Kuhusu muda, kuna stori ya Daniel Kahneman, yule mwanasaikolojia wa Israeli alipewa Nobel ya uchumi 2002. Kabla hiyo, yeye na wenzake walikuwa wanaandika somo ya shule za sekondari, na somo yenyewe ilikuwa ni venye watu hufanya maamuzi. Siku moja aliambia kila mtu aandike kwa siri itachukua muda gani kumaliza. Wote waliandika kama miaka miwili, kidogo juu ama kidogo chini. Alafu akageukia mtaalamu mmoja hapo ndani, mwenye ameona timu zingine za hiyo kazi, akamuuliza wao walichukua muda gani. Jamaa akabadilika rangi. Akasema kama asilimia 40 hawakumaliza kamwe, na wenye walimaliza walichukua kati ya miaka 7 na 10. Na huyo jamaa alikuwa ameandika miwili pia! Waliendelea tu. Ilichukua 8.

Kahneman na mwenzake Amos Tversky walishaipa hiyo ugonjwa jina 1979, na dawa yao inaingia kwa mfuko wowote: usiulize mtu kazi hii itachukua muda gani, ju hapo utapewa matumaini. Uliza yenye iliisha ilichukua muda gani. Fundi akikuambia "buda, hii ni wiki mbili tu, nitumie deposit kesho nianze," usibishane na hizo wiki mbili. Ni za ukweli kwa roho yake. Muulize tu mjengo yake ya mwisho ilichukua muda gani.

Kuna mmoja Ruai nilimuuliza hivyo, akiwa amesimama mlangoni na kipimo mkononi. Alifikiria kidogo.

"Mjengo ya mwisho? Ni ile ya Joska. Hao niliwaambia mwezi moja."

"Na iliisha lini?"

"Bado tuko huko," akasema. "Lakini usijali, kwako nakuja asubuhi, huko nitakuwa naenda mchana."